Mlango wa Mama Feza Wasafiri Kwenda Nyunzu

Niliondoka Kigoma kwa sababu bosi wangu, mtafiti wa mambo ya wakimbizi, alitaka kujua watu waliokimbia vita wanarudije makwao bila kusaidiwa na yeyote. Yeye mwenyewe hapandi meli, tumbo lake na ziwa haviivi chungu kimoja. Nikatumwa mimi, na onyo kali juu: gari la utafiti lisibebe mtu wala mzigo wake, tutaharibu matokeo. Nikaona kazi rahisi hiyo. Kutosaidia watu, nani atashindwa?

Kalemie, ng'ambo ya ziwa, tulitia nanga asubuhi, nami bado nayumba kama niko majini. Dereva tuliyemkodi, Papa Kalonda, alinishindilia bukari, ugali wa kwao, na sombe ya majani ya mihogo mpaka ardhi ikatulia, kisha akanipeleka kambini nje ya mji.

Lahaula! Watu wale wamechoka na sisi. "Batu ba anketi banakuya tena!" mama mmoja akatangaza, maana yake watu wa utafiti wamekuja tena, na nusu ya kambi ikakumbuka ina kazi mtoni. Kila niliyemdaka nikamuuliza atarudi lini kwao, alijibu, "Kesho, mukubwa." Kesho yake niliwakuta wote palepale, wakanijibu kesho tena, kwa adabu zote.

Aliyekuwa anaondoka kweli ni mmoja tu, Mama Feza, mjane mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Ndani ya hema lake la turubai kulikuwa na mlango wa mbao nzito, rangi ya buluu, una fremu na komeo. Ulilazwa juu ya matofali kama meza, na watafiti wote waliopita waliandikia juu yake.

"Mama, mlango wa nini na hema halina ukuta?"

"Haiko ya hapa. Njo mulango ya nyumba yangu, kule Nyunzu." "Njo" yao ni "ndiyo" yetu.

"Nyumba bado ipo?"

"Walichoma. Kiwanja njo iko."

Akanieleza shida yake. Kiongozi wa mtaa wao, wanayemwita shefu wa avenyu, ametangaza kwamba kiwanja kitakachokutwa na mvua ya kwanza hakina mlango kitahesabiwa kimeachwa. Jirani yake, Papa Mukalay, ameshaanza kupanda mihogo humo. Malori yamemkatalia mlango, na mawingu ndiyo hayo yanajikusanya. Gari letu lilikuwa linakwenda Nyunzu, tena tupu.

Nikamsomea kanuni ya bosi. Mama Feza akanitazama kama dagaa walioharibika.

"Unachunguza batu wanaorudi. Miye ninarudi. Na weye njo unanizuia?"

Papa Kalonda akakohoa. "Bosi yako alikataza meza?"

Basi mlango ukapanda juu ya gari kama meza ya mahojiano, na Mama Feza akapanda kama mlinzi wa meza.

Njiani, matope yalitukamata mara kwa mara, na kila tuliposukuma Mama Feza alipiga kelele tusikwaruze rangi. Kwenye kizuizi, askari alizunguka gari polepole.

"Hii njo nini?"

"Meza," nikasema.

"Meza iko na komeo?"

"Mahojiano yetu ni ya siri, afande."

Alifikiri sana. Akatufungulia njia.

Nyunzu tuliingia mchana, mbingu nyeusi tii. Kwenye kiwanja hapakuwa na hata tofali, mihogo tu. Papa Mukalay hakuwepo. Mama Feza hakulia, alianza kupima kwa hatua mahali pa fremu, na mimi, wa kutosaidia watu, nikajikuta na jembe nachimba mashimo. Tulisimamisha fremu, tukashindilia udongo, tukatundika mlango. Tone la kwanza lilinipiga shingoni wakati Mama Feza anafunga komeo kwa ndani. Ndani, nasema! Kushoto wazi, kulia wazi, nyuma mihogo.

Shefu wa avenyu aliitwa, akaja na mwavuli, akakuna kichwa. "Mulango ninaiona," akasema. "Lakini nyumba haiko. Kweli hii inahesabika?" Majirani wakaanza kubishana kwenye mvua.

Hapo akatokea Papa Mukalay, anakuja mbio, amefura, ngumi juu. Alifika mbele ya mlango, akasimama, akafuta matope ya miguu.

"Hodi!" akafoka.

Hata shefu aliacha kujikuna.

"Nani?" akauliza Mama Feza, ambaye sote tulikuwa tunamwona.

"Njo miye, Mukalay!"

"Ngoja kidogo, Papa. Nivae."

Mwavuli wa shefu ulianguka kwa kicheko. "Mukalay, ndugu yangu, unapiga hodi kwa nani kama hapa hapana muntu?" Papa Mukalay aliitazama ngumi yake, akaishusha. Mama Feza akamfungulia, akamkaribisha, na siku ile walikubaliana avune mihogo yake, kisha asipande tena.

Nilirudi Kalemie, nikavuka ziwa bila meza. Kigoma, bosi aliniuliza nimejifunza nini, mkimbizi ahesabiwe lini kuwa amerudi. Nikamwambia: siku mtu asiyemtaka atakapompigia hodi. Akasema hiyo si sayansi, akaikata kwenye ripoti. Aikate tu. Mama Feza analala kwake.