Ndizi za Kuanua Matanga ya Babu

Nianze na upumbavu wenyewe, usije ukausikia kwa wengine wakauongezea chumvi: nilikula pombe ya kuanua matanga ya babu yangu kabla haijawa pombe. Niliila ikiwa bado ndizi. Na usidhani nilikuwa na njaa. Njaa ningeitetea hata mbele ya kanisa zima. Mimi nilikuwa nimechoka kukaa bure, basi.

Likizo hii nimerudi Ntobeye na mama kupalilia makaburi. Nipo kidato cha tatu sasa, nina vindevu vya kuhesabika ambavyo mwalimu wa nidhamu ananitishia navyo kila Jumatatu. Tulipofika palipokuwa shamba la babu, mama akasimama. Pamejaa mihogo ya mtu tuliyemwazima ardhi. Jua linapiga mpaka chini. Zamani pale jua lilikuwa likija linaishia juu kwenye majani ya migomba, chini kunabaki kibaridi na harufu ya udongo mbichi, hata saa saba mchana. Mkononi nilikuwa na hindi la kuchoma nililonunua njiani, na, nisikufiche, nilijikuta nimeshalimaliza nusu bila kujua nilianza lini. Mama aliniangalia nilivyokuwa natafuna. Aliinama akaanza kung'oa majani, na mimi nikabaki na mdomo umejaa.

Babu, mzaa mama, alikufa nikiwa darasa la tano. Kwetu Murusagamba wakakaa kikao, wakatafuta mtu wa kwenda kukaa na bibi mpaka matanga yaanuliwe. Kaka alikuwa na mitihani, dada alikuwa na akili, nikabaki mimi. Nikapelekwa shule ya kule, na shule ilipofunga nikabaki na bibi tu, kutwa nzima, nyumba nzima imekaa kimya kama imemeza kitu.

Nyumba yenye matanga, kwa bibi, haikuwa na mchezo. Redio ilifungwa ndani ya kitenge ikawekwa juu ya kabati. Ngoma hapana, kupiga mluzi hapana, mpira hapana kwa sababu mpira una kelele. Watoto wenzangu walipita barabarani wakinyoosha shingo kuniangalia kama mfungwa. Sasa niambie, mtoto wa miaka ile afanye nini? Nilianza kula.

Asubuhi nilikula kiporo cha maharage. Nikimaliza kuosha sufuria nilikuwa nimeshaiosha kwa ulimi. Nikienda kuteka maji, nilirudi na mapera mfukoni. Nikitumwa kuanika mihogo, niliianika na kuionja, nikageuka nikaionja upande wa pili. Bibi alikuwa na Kiswahili cha sokoni, ambacho l na r zilibadilishana viti zinavyotaka. Siku moja alinikuta jikoni nimeingiza mkono kwenye chungu, akaniuliza, "Unatafuta nini humo?"

"Naangalia tu, bibi."

"Macho yako yako kwenye mkono?" Akanishika tumbo, akalipigapiga kama anayechagua papai. "Hiri tumbo rimeshiba. Wewe huna njaa. Mdomo wako ndio hauna kazi. Tafutia mikono kazi, mdomo utanyamaza."

Tangu hapo bibi akaanza kunitafutia kazi za mikono. Alikuwa ndiye mfiwa, yeye ndiye aliyepaswa kutafutiwa cha kumsahaulisha, lakini alihangaika na mimi.

Kwanza alinifundisha kusuka mkeka wa mafunjo. Tuliyakata bondeni, tukayaleta kichwani, yakinidondoshea maji shingoni. Ilikuwa kazi nzuri, nisikudanganye. Vidole vyake vilikwenda kama panya. Bahati mbaya mimi niligundua kuwa funjo changa, ukilimenya mashinani, lina maji matamu. Mkeka wangu ulikwisha ukiwa na ukubwa wa kulalia kuku. Bibi aliuinua, akautazama, akatazama makapi niliyotema, akaguna. Aliutundika ukutani hivyohivyo. Wageni wakiuliza, aliwaambia ni pazia.

Halafu akanipeleka kwa jirani nikajifunze bao. Jirani alikuwa mfugaji wa Kisukuma aliyehamia kule na ng'ombe wake kutoka upande wa Shinyanga, mtu mrefu, mpole, ambaye bibi alimwita Ngosha. Babu ndiye alikuwa mwenzake wa bao. Tangu babu afe, bao lilikuwa limeegemezwa kwenye ukuta wa zizi, na kete zake zilikuwa zimepotelea kwenye samadi. Tukatumia karanga. Unaona jambo linakoelekea.

"We kijana," aliniambia siku ya pili, anakuna kidevu. "Huku kwako nilikuwa nimekubana. Mbona kete zimepungua?"

"Zimekufa, babu."

"Zimekufa, au zimezikwa humo?" Akanionyesha tumbo kwa kidole. "Marehemu alikuwa mwizi wa bao, lakini hakuwahi kunitafunia mchezo."

Alicheka mpaka ng'ombe wakageuka. Kisha akayakusanya maganda ya karanga taratibu, na siku ile hatukucheza tena. Nilidhani amekasirika. Leo ndiyo najua alikuwa amemkumbuka mwizi wake.

Wakati huo migomba ilikuwa inakufa. Mnyauko ulikuwa umeingia. Jani la katikati linalegea, linageuka njano, linaanguka kama mkono wa mgonjwa. Ukikata mkungu, ndani ndizi zimeoza na nje bado za kijani. Bwana shamba alikuja na pikipiki, akazunguka, akavua kofia. Akasema shamba lote likatwe, visiki ving'olewe, vifukiwe. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho, akamletea maji ya kunywa, akamwambia, "Nimekusikia, mwanangu. Niachie hii ya nyuma ya nyumba kidogo tu. Nina mgeni wa kumtengenezea pombe."

Mgeni mwenyewe alikuwa babu.

Migomba ile, babu alikuwa amevuka nayo mpaka wa nchi akiwa kijana, wakati watu wanakimbia vita. Wenzake walibeba magodoro na masufuria. Yeye alibeba machipukizi kwenye gunia, na walimcheka njia nzima. Ndizi zake zilikuwa fupi, nene, ngozi nyekundunyekundu kwenye shina la mkungu, na hakuna mtu Ntobeye aliyezijua kwa jina zaidi ya "za yule mzee". Majirani aliowagawia machipukizi nao walipigwa na mnyauko. Kwa hiyo iliyobaki duniani ilikuwa ile ya nyuma ya nyumba. Kwa desturi yetu mfiwa anavuliwa nguo ya msiba siku wazee wanapokaa na kunywa kwenye mtungi mmoja kwa mirija, na bibi alikuwa ameshasema mbele ya kila mtu: atavua akinywa pombe ya shamba la mumewe, si ya mwingine. Hakutaka kitu kingine chochote.

Mikungu ilikatwa, ikachaguliwa ile mizima, ikaingizwa shimoni. Labda kwenu hamfanyi hivyo. Sisi ndizi za pombe tunazivundika: unachimba shimo, unalipasha moto kwa majani makavu, unalitandika majani ya mgomba, unapanga ndizi, unafunika majani tena na udongo juu, kisha unaacha joto lifanye kazi yake. Ubavuni kuna kijitundu cha kupulizia moshi. Baada ya hapo hakuna mtu kugusa. Ukifungua kabla ya wakati, joto linatoka na halirudi, na ndizi inabaki imeduwaa, si mbichi si mbivu. Ndizi ya namna hiyo huikamui hata ukiikanyaga kutwa.

Bibi akaniita, akaniketisha kwenye kigoda kando ya shimo. "Sasa nimekupatia kazi yenyewe," alisema. "Wewe ndiye mrinzi. Usiruhusu mbuzi, usiruhusu kuku. Moshi ukipungua, ongeza kinyesi cha ng'ombe kikavu. Mikono itakuwa na kazi."

Siku ya kwanza nilikuwa mlinzi mkali, nilimfukuza hata mchungaji wa kanisa. Siku iliyofuata nikaanza kusikia harufu. Hujawahi kukaa peke yako, hakuna redio, hakuna mwenzako wa kuongea naye, na ardhi inakunukia ndizi. Nilichora ng'ombe mchangani. Nikawafuta. Nikahesabu siafu. Nikajisemea niguse tu, nione kama kuna joto, maana mlinzi lazima ajue anachokilinda. Nikachimba ubavuni, pale penye kijitundu, mkono ukapita mpaka begani. Nikatoa moja. Ilikuwa ngumu, chachu, inanata ulimi. Nikaila. Sikuionja hata, nilikuwa nawaza mambo ya mpira. Nikachukua nyingine. Mikono ilikuwa na kazi, bibi alisema kweli; ila mdomo nao ulipata.

Kila siku nilirudi. Maganda niliwapelekea ng'ombe wa jirani, na tundu nililiziba kwa majani kama mtu anayesukumia nguo chafu chini ya kitanda. Jioni moja mvua kubwa ikanyesha, ile ya kwetu inayokuja na upepo wa kutoka ng'ambo. Tulikaa ndani tunaisikiliza juu ya bati. Bibi akafurahi, akasema itaosha njia wageni wasije na vumbi. Mimi nililitazama paa. Nilijua maji yanaingia wapi.

Siku ya kufukua, mama alikuwa amekuja kutoka Murusagamba, shangazi na wajomba wapo, wanawake wamekata majani ya kukamulia, mtumbwi wa mbao wa kukanyagia ndizi umeoshwa, mtama umekaangwa na kusagwa tayari. Walipoondoa udongo, wote waliinama kuchungulia. Juu ndizi zilikuwa zimeoza, zinatoa povu. Chini zilikuwa za kijani, baridi kama mawe ya mtoni. Wanawake walijaribu. Walizimenya kwa visu, wakazikanyaga, wakazikanda na majani mpaka jasho likadondoka kwenye mtumbwi. Kilichotoka ni utomvu. Bibi alichovya kidole, akaonja, akakifuta kwenye nguo yake nyeusi.

Jirani mfugaji aliinama ubavuni mwa shimo, akaliona tundu. Tundu la ukubwa wa mkono wa mtoto. Akanitazama, akatazama ng'ombe wake kule ng'ambo ya uzio, na nikajua amejua. Alifungua mdomo.

"Ni fuko," bibi akamwahi. "Fuko wa huku ni wakubwa, Ngosha. Wewe si mwenyeji, huwajui."

"Ndiyo, mama," jirani akasema. "Huko kwetu hawapo."

Watu hawakurudishwa. Mjomba alipanda pikipiki, akarudi na madumu ya pombe kutoka kijiji cha pili. Wazee wakakaa kwenye mtungi, maneno yakasemwa, babu akatajwa kwa heshima zote. Ilipofika zamu ya bibi, alishika mrija, akauweka mdomoni, akakaa nao. Hakuvuta. Baada ya muda akaurudisha kwa shangazi, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeulizia chumvi, "Hii simjui mwenye shamba rake." Akaingia ndani na nguo yake ya msiba.

Hakuivua. Wazee walimsihi, mchungaji alimsihi, mama alimletea kitenge kipya chenye maua ya njano, akakikunja akakiweka. Wiki ile ile vijana waling'oa vile visiki vya mwisho vya nyuma ya nyumba. Tulimzika bibi kabla mimi sijamaliza la saba, na tulimzika na nguo ileile ya msiba. Nyumba ilikaa mwaka, bati likauzwa, kuta zikarudi kuwa udongo. Jirani alihama na ng'ombe wake, sijui kaelekea wapi. Ule mkeka wangu wa kulalia kuku haupo, harufu ya ule moshi haipo, na hata nikipita vichochoro vyote vya masoko ya Ngara, za yule mzee hazipo. Watu wa mjini wananiambia kuna miche mipya isiyougua. Sawa. Na ipandwe.

Mimi siku hizi nina kazi za mikono nyingi. Shuleni nacheza bao, nachora walimu, nafuga sungura wa bweni. Wenzangu wanadhani nina vipaji. Ukweli ni kwamba nikikaa bure tu mkono unaanza kutafuta mfuko, na mdomo unaanza, na sijui nimekula nini mpaka kimekwisha. Hakuna nilichopata cha kuuzuia.

Jioni ile ya matanga, wageni walipoanza kuondoka, mama alinikuta nyuma ya jiko. Sikungoja aniulize. Nilimwambia yote, tundu, ng'ombe, mvua, nikafumba macho na kukaza makalio, maana mkono wa mama naujua. Fimbo haikuja. Nilipofumbua, alikuwa amekaa chini kwenye majivu na nguo zake za kanisani, amenitazama kama anayetazama mgeni aliyetoka safari ya mbali. Akanivuta mkono nikakaa karibu yake. Akasema:

"Wewe ndiye mtu wa mwisho kula ndizi za baba yangu. Haya, niambie. Zilikuwaje?"