Winchi Ajifunza Kuvutwa

Saa moja asubuhi, mwanamume wa miaka arobaini na sita anaelea bwawani kama kibuyu, miguu imefungwa kwenye ubao, mikono imeng'ang'ania mpini wa kamba. Mbele yake boti inanguruma. Tumboni ana maji ya maanguko matatu.

"Vuta!" Kapteni, mama mwenye boti, anampigia kelele dereva kutoka gatini.

Boti inaruka. Mwanamume anaivuta kamba kifuani kwa nguvu zake zote, na papo hapo anapiga mbizi asiyoiomba. La nne hilo.

Kando ya Kapteni, shemeji yake anashika mbavu kwa kicheko. "Shemeji, mbona unaipokonya boti kazi yake?"

Wote hapa humwita Winchi, kama ile mashine ya kuvutia mizigo. Kwa miaka ishirini na moja amevuta mkokoteni: saruji, magunia, mabati, pengine kilo mia nne kwa safari moja. Shemeji, ndugu wa mkewe, ndiye anayesukuma nyuma. Kila wiki wawili hao huleta madumu ya petroli hapa gatini.

Mwaka huu mgongo umegoma. "Daktari aliniambia nichague, mkokoteni au kutembea," anasema Winchi. "Nikamuuliza, na watoto wangu wanne wachague nini?"

Kapteni anatafuta msaidizi wa kufundisha wageni mchezo huu wa kusimama juu ya ubao ukikokotwa na boti. Mshahara ni wa kila mwezi, na mzigo mzito kuliko yote ni huo ubao. Ila haajiri mtu ambaye hajasimama mwenyewe mpaka boya jekundu. Majaribio ni matano, basi.

"Nguvu anazo, na ndizo zinazomwangusha," anasema Kapteni. "Namwambia, kaka, usivute, vutwa. Ananiitikia vizuri, kisha anavuta."

Anayegundua kasoro ni Winchi mwenyewe, akitema maji.

"Ni hilo neno lako, Kapteni! Miaka yote hii nikisikia 'vuta', mikono haingoji kuniuliza."

Shemeji anaacha kucheka. Kazini, wakifika penye mteremko, hakuna anayevuta. Winchi hukunja magoti, akaegemea nyuma, akauacha mzigo umpeleke. Na siku zote anayepiga kelele ya kumjulisha ni shemeji.

"Kapteni, samahani, hebu nyamaza kidogo," anasema shemeji. "Dereva, nikishusha mkono, ondoka."

Anauinua mkono. Anaushusha.

"Shemeji! Mteremkooo!"

Magoti yanajikunja. Mikono inanyooka. Winchi anaegemea nyuma, na maji yanamwinua taratibu mpaka anasimama, kiuno kimebinuka vibaya, mdomo wazi. Analipita boya bila kuliona. Anazama pale tu dereva anapopunguza mwendo.

"Sijawahi kupelekwa mahali," anasema baadaye, taulo mabegani. "Maisha yangu yote napeleka mimi."

"Jumatatu, saa mbili," anasema Kapteni. "Na uje na hilo neno lako."

Shemeji anautazama mkokoteni uliobaki juu gatini. "Na mimi je?"

"Nipe miezi mitatu. Wageni wakizidi, Kapteni atahitaji mtu wa pili, nami nitakuwa nimekufundisha."

"Kwa mteremko?"

"Thubutu! Wewe umezoea kusukuma. Neno lako tutalitafuta."