Fomu Thelathini na Jibu Moja

Siku niliyorudishiwa fomu zangu na mhadhiri wa somo la utafiti, mwanangu, naikumbuka kuliko hata siku niliyovaa joho. Ilikuwa miaka ya sabini, nami nikisomea siasa chuo kikuu Nairobi, kijana aliyevimba kichwa. Mhadhiri yule hakupenda kutufundishia ubaoni. Alimtuma kila mmoja wetu kwao akachunguze siasa za huko, na asiyeleta mradi wa kweli hakuruhusiwa kufanya mtihani wa mwisho.

Nilikwenda nyumbani, karibu na soko la Nyakoe, kuwauliza akina mama walimpigia nani kura ya udiwani. Baba yangu alikuwa mtu mzito kijijini, mzee wa kanisa, na alikuwa amemfanyia kampeni mwenye duka mmoja wa pale sokoni. Aliposikia mwanawe ana kazi ya chuo, alivaa koti, akachukua fimbo, akanipeleka nyumba kwa nyumba. Nilijiona mfalme! Siku mbili tu, fomu thelathini zikajaa. Kila mama alisema alimchagua mwenye duka. Mama yangu hata sikumsikia, maana baba alimjibia.

Mhadhiri alizisoma zote mbele yangu, polepole.

"Kwa matokeo yaliyotangazwa, huyu mwenye duka si ndiye aliyeshindwa katika kituo hichohicho cha kura?" akauliza.

"Ndiye, mwalimu."

"Basi waliomwangusha walitoka wapi? Na ulipokuwa ukiuliza, nani alisimama karibu nawe?"

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Sisi Wakisii tuna heshima tuiitayo chinsoni. Mke wa mwana hamtazami baba mkwe usoni, sembuse kumpinga mbele ya mtu mwenye kalamu. Wengi wa akina mama wale walikuwa wameolewa na vijana wa ukoo wetu, na kwao baba alikuwa mkwe. Mimi niliyelelewa na heshima hiyo ndiye niliyeisahau, kisa fomu zilizopigwa chapa vizuri! Mhadhiri alinipa wiki mbili. Nisipoleta majibu ya kweli, masomo yangu yangeishia hapo.

Nilirudi, nikamwomba baba abaki nyumbani. Alinuna, lakini alibaki. Akina mama walikuwa kwenye risaga, lile kundi la majirani wanaolimiana kwa zamu, wakipalilia mahindi. Nikaomba jembe.

"Msomi, unalima au unaikuna ardhi?" mmoja akanitania, na shamba zima likacheka.

Siku mbili sikuuliza lolote. Mgongo uliniuma, viganja vikatoka malengelenge. Siku ya tatu niliwaeleza ninachotafuta, nikawaahidi kwamba sitaandika jina la mtu wala kulitaja popote. Wakatazamana. Mmoja akaegemea jembe lake.

"Mwenye duka hajawahi kuteka maji," akasema. "Chemchemi yetu ilipoziba, ni mpinzani wake, yule mwalimu wa shule, aliyeingia matopeni nasi. Kura yangu nilimpa yeye."

Wengine wakafuata, kila mmoja na sababu yake.

Baba alidai nimsomee mradi kabla sijaondoka. Tangu uchaguzi alikuwa akiwalaumu watu wa mlima wa pili, ng'ambo ya kwetu, kwamba ndio waliomwangusha mtu wake. Nilimsomea jinsi wake wa ukoo wetu wenyewe walivyompa mwalimu kura. Mama alikuwa amesimama mlangoni na kibuyu cha maziwa.

"Ni akina nani hao?" baba akauliza.

"Tata, niliwaahidi sitawataja."

"Hata kwangu mimi, baba yako?"

"Hata kwako, Tata."

Sikuwa nimewahi kumkatalia neno. Aliitazama fimbo yake, akaiegemeza ukutani. Kisha akamwambia mama, "Mpe huyu maziwa kwanza. Amekuwa mtu mzima." Sabato iliyofuata alijigamba nje ya kanisa kwamba mwanawe ana siri ambazo hata yeye hawezi kuzipata kwake.

Mradi ulipita. Baadaye nilifundisha somo hilohilo miaka mingi, na kila mwanafunzi nilimtuma kwao. Najivunia jambo hilo kuliko vyeti vyote vilivyo ukutani.

Sasa ni zamu yako kwenda kutafiti, mwanangu. Ukienda kuuliza watu, angalia kwanza umeandamana na nani. Usidhani kwamba kwa kuwa ulizaliwa mahali basi unapajua. Fanya kazi nao kabla hujatoa kalamu, na jina uliloaminiwa ulilinde hata mbele ya umpendaye. Akina mama wengi wa risaga ile tumewazika, na wazazi wangu pia. Lakini ukiniuliza ni nani aliyeegemea jembe na kusema kwanza, nitakunyima kama nilivyomnyima baba.

Nenda salama. Mungu akufungulie milango ya watu, wakuambie ya moyoni, na siku moja wafurahi kwamba walikuambia.