Susu Mbele ya Kamera

Siku niliyokwenda Kyuso na kamera ya kuazima naikumbuka kuliko siku ya harusi yangu, mwanangu, na tafadhali usiende kumwambia mume wangu hivyo. Nilikuwa msichana wa Kalamba aliyetoka chuoni juzi, mdomo mrefu, mfuko mtupu. Ofisi moja ya Nairobi ilikuwa imenipa kazi yangu ya kwanza: filamu fupi kuhusu ukame wa kaskazini mwa Kitui. Wakiipenda, wangenipa kazi nyingine, na hapo ningekuwa mtengenezaji filamu wa kweli, si wa kujitangaza tu kwa jamaa. Mswada nilikuwa nimeshauandika nikiwa huko huko Nairobi. Ulisema hivi: mwanamke mzee ameketi kando ya mto uliokauka, amevaa matambara, hasemi neno.

Mwanamke mzee nilikuwa naye tayari. Alikuwa Susu wangu wa Kyuso, nyanya aliyemzaa mama yangu.

Shida ni kwamba mvua ilikuwa imenyesha msimu huo. Ndengu zilikuwa zimekauka vizuri kwenye maganda, na shamba lilikuwa limejaa majirani wakivuna na kupiga domo. Halafu Susu alikuwa amesikia kwamba nakuja kumpiga picha. Nilimkuta amevaa gauni jeupe la akina mama wa kanisa, kitambaa kichwani, viatu vya Pasaka, na miguu amepaka mafuta mpaka inang'aa. Jogoo alikuwa ameshachinjwa. Unawajua watu wetu. Hakuna mtu anayesimama mbele ya kamera na nguo ya shamba, labda awe amevamiwa. Susu akaenda katikati ya ndengu, akasimama wima, mikono ubavuni, macho hayapepesi.

"Susu, unaweza kusonga. Hii si picha ya kitambulisho."

"Na nikisonga si itaharibika?"

"Haiharibiki. Hii inataka usonge."

"Hiyo ni kamera ya aina gani sasa?" akauliza. Akasonga hatua moja, akasimama tena wima kama askari wa gwaride.

Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Lakini nilipotulia nikaukumbuka mswada wangu. Nikamweleza kwamba watu wa Nairobi wanataka kuona vile watu wa Kyuso walivyoumia wakati wa kiangazi. Nikamwomba avae ile nguo yake ya kulimia, iliyoraruka begani, na asicheke.

Hakubishana na mimi. Aliingia nyumbani, akatoka na ile nguo iliyoraruka, miguu mitupu, mafuta ameyapangusa. Majirani wakajifanya wanaangalia ndengu. Tukateremka mpaka mtoni, mahali ambapo mchanga ulikuwa umeshaanza kukauka, akaketi nilipomwonyesha. Nilikuwa nimeshawasha kamera aliponiuliza, kwa sauti ya chini kabisa:

"Mwana wakwa, hao watu utawaambia niko na nguo ingine?"

Mwanangu, tangu siku hiyo nimeulizwa maswali na watu wenye vyeo, na hakuna lililonikata maini kama hilo. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Hakuwa amekasirika hata kidogo. Alinipenda, alitaka nipate riziki, na kama ningesema kazi ndivyo ilivyo, angeketi pale na aibu yake mpaka jioni. Nilizima kamera.

"Twende ukabadilishe, Susu."

"Na kazi yako?"

"Twende tu."

Mchana huo nilimpiga picha akipepeta ndengu na gauni lake jeupe, vumbi linamrukia, anamgombeza jirani aliyekuwa akimwaga nusu ya ndengu chini. Akasahau kamera iko. Na mimi sijauliza, akaanza kuhadithia kiangazi kile kibaya: jinsi alivyolala na mbegu za ndengu kitandani, chini ya shuka, ili njaa isije ikamtuma kuzipika. Alieleza akicheka. Majirani nao wakacheka, kisha mmoja akafuta macho.

Ofisi ya Nairobi iliitazama filamu mara moja tu. Wakasema huyu mama anaonekana ameshiba. Kazi nyingine wakampa mtu mwingine, na mimi nikarudi Kalamba nikalia kama mtoto. Mama aliniambia niombe nafasi ya ualimu, na sitakudanganya, barua niliandika. Sikuipeleka.

Badala yake nilipiga picha harusi, matanga, na kwaya zote za Mbumbuni zilizokuwa na sare na zisizokuwa nayo. Watoto wa mjini niliosoma nao walinicheka. Wacha wacheke, harusi zilinifundisha kusimama mahali pazuri bila kumzuia mtu yeyote. Kila nilipopata nauli nilirudi Kyuso. Mswada niliuandika upya kutoka kwa maneno ya Susu mwenyewe, na polepole ile filamu fupi ikakua ikawa ndefu.

Nilipoimaliza, niliionyesha kwanza kanisani kwake, kwenye shuka iliyotundikwa ukutani, jenereta inanguruma nje. Nilikaa na Susu benchi moja. Shuka sikuiangalia, nilikuwa namwangalia yeye. Ilipofika pale pa mbegu, aliinuka, akawageukia watu wote, akasema kwa sauti ya kuita ng'ombe:

"Huyo ni mimi! Ni mimi kabisa!"

Kisha akaketi akaendelea kutazama. Filamu ile baadaye ilinifungulia milango mingi, lakini hakuna ukumbi ulionipa furaha kama ile.

Sasa wewe unaniuliza utaishije na kazi hii ya filamu bila mwajiri. Utaishi kwa shida kidogo, mwanangu, na kwa harusi nyingi, na usizionee haya. Andika mswada wako kabla ya kwenda, ndiyo, lakini ukifika uwe tayari kuufuta. Wenye pesa watakwambia wanataka kuona nini. Wasikilize kwa heshima, kisha mwangalie mtu aliye mbele yako. Na kabla hujaipeleka filamu popote, kaa benchi moja na huyo uliyempiga picha, aitazame yote, na wewe uwe hapo hapo. Ukijikuta unatafuta sababu ya kutoka nje, bado hujamaliza. Rudi ukaikate na kuiunga upya.

Nakupenda, ndiyo maana nakusumbua. Mungu akupe macho mazima na subira. Akupe kazi, na nguvu ya kuikataa ile isiyokufaa. Na kila uliyempiga picha, akikuona unarudi kijijini kwake hata baada ya miaka mingi, akukimbilie na kiti.