Mzizi Mtamu Katika Chai ya Kukhu

Ipo siku moja ya Julai ambayo hunirudia kila ninapoinjika sufuria ya chai, mwanangu. Leo nimeona nikusimulie, maana jana nilikusikia ukimwambia mteja kwenye meza yako ya majani ya chai pale Adams Arcade, "Hii ni majani tu, haiwezi kukudhuru." Ulisema kwa moyo mweupe, najua. Sasa keti nikueleze.

Nilikuwa kijana, nimeolewa juzijuzi, mimi na mume wangu tunakaa Kawangware. Nilifanya kazi ya kupika katika nyumba moja ya Lavington. Mwenye nyumba alikuwa mama mzee wa Kigujarati, mjane, aliyeishi na mwanawe. Kila mtu pale alimwita Ba, yaani mama, nami nikamwita hivyo hivyo. Ba hakuniruhusu kuipikia nyumba yake chai mpaka nilipomtazama vya kutosha. Kwetu Bungoma tulikuwa tunatia kila kitu pamoja, maji na maziwa na majani na sukari, tunaacha vichemke mpaka vifurike.

"Pole pole," Ba aliniambia. "Kila kitu iko na wakati yake."

Akanifundisha kwamba tangawizi iliyopondwa na iliki hutangulia kwenye maji, kwa sababu vitu vigumu havitoi ladha bila moto wa kutosha. Majani ya chai hufuata, halafu maziwa. Mchaichai na nanaa huingia mwisho kabisa, moto umezimwa, sufuria inafunikwa. Jani laini ukilichemsha sana, harufu yake yote inaondoka na mvuke, unabaki na maji machungu. Mpaka leo napika hivyo, nawe umejifunza kwangu hivyo hivyo.

Mwaka huo mama mkwe wangu alikuja kutoka Bungoma. Tulimwita Kukhu, bibi, ingawa mtoto wetu alikuwa bado hajaanza kutambaa. Presha ilikuwa imemsumbua sana nyumbani, kwa hiyo mume wangu akamleta mjini ahudhurie kliniki na ameze dawa bila kukosa. Kukhu hakuupenda mji. Alikaa mlangoni siku nzima, hana wa kuongea naye, akilalamikia baridi.

Siku moja nikaenda naye kazini, nikiwa nimeomba ruhusa. Tulipopita kando ya bustani, Kukhu alisimama ghafla, akainama na kuuvuta mchaichai uliokuwa umeota kando ya ua. Alinusa, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu aje Nairobi. Ba alikuwa amesimama kwenye baraza, akaona.

"Hii iko kwenu pia?"

"Imejaa nyuma ya jikoni kwangu," Kukhu akajibu.

Hapo ndipo urafiki wao ulianza, nami nikawa naenda naye kazini kila siku. Kiswahili cha Kukhu kilikuwa nusu Kibukusu, na cha Ba kilikuwa nusu Kigujarati, lakini wangeweza kukaa mchana kutwa kwenye viti vya miti pale barazani wakionjeshana. Ba alimtengenezea chai ya bizari ya manjano na pilipili manga. Kukhu naye akamwonyesha anavyokausha majani ya mpera kwa ajili ya tumbo la kuendesha. Nikiwa jikoni nilikuwa nawasikia wakicheka, nami nilifurahi, kwa sababu nyumbani mume wangu alianza kuniambia mama yake anakula vizuri.

Ndipo Julai ikaja na ukungu wake. Kukhu akashikwa na kikohozi kikavu kilichomkosesha usingizi. Ba hakuweza kuvumilia kumsikia. Aliingia stoo, akatoka na vijiti vikavu vya mzizi, rangi ya kahawia nje na manjano ndani, vitamu kuliko sukari. Wao huviita jethimadh. "Chemsha, kunywa moto," akamwambia. "Mimi napewa hii na mama yangu tangu nikiwa mtoto."

Kikohozi kikapoa. Lakini Kukhu alikuwa ameambiwa kliniki apunguze sukari, na sasa amepata utamu usio sukari. Akawa anajaza chupa ya chai asubuhi, anakunywa mpaka jioni. Kijiti kimoja alikifunga kwenye pindo la leso yake, awe anakitafuna. Kila kilipokwisha, Ba alimpa kingine kwa furaha.

Baadaye miguu yake ikaanza kuvimba. Kichwa kikawa kinamgonga. Akasema magoti yamekuwa kama ya mtu mwingine. Mume wangu alikasirikia dawa za kliniki, akasema ndizo zinazomwua mama yake. Asubuhi moja, Kukhu akiwa anakinga maji bombani, miguu ikakataa kumbeba, akaanguka. Tulimbeba na majirani, tukampeleka hospitali.

Daktari alikuwa binti mdogo, mtulivu. Alipima presha, akapima tena, akatikisa kichwa. "Kukhu, dawa unameza?"

"Nameza."

"Na kitu gani kingine unatumia?"

"Chai tu."

Daktari alivuta kiti akakaa mbele yake. "Chai ya nini?"

Kukhu akanitazama, kisha akafungua pindo la leso na kumpa kile kijiti. Daktari alikinusa. Akatueleza kwa upole kwamba mzizi huo ukinywewa sana huzuia maji na chumvi visitoke mwilini, presha inapanda, na misuli inapoteza nguvu. "Dawa yangu inavuta huku, mzizi unavuta kule," akasema. "Mama yenu ameponea chupuchupu." Wakamlaza.

Njiani tukitoka hospitali mume wangu alinionya. "Usimwambie yule mama. Atasema unamsingizia, na kazi utaikosa." Nilitembea kwenda Lavington. Lakini ningewezaje kumtazama Ba akifunga vijiti vingine kwenye karatasi ampelekee mgonjwa? Nikamwambia yote.

Mwanawe alikuwapo. Akasema haraka, "Ba, hiyo ni kitu ya jikoni. Sisi tumekunywa maisha yetu yote."

Ba alimgeukia. Kisha akasema, "Wewe huna presha. Yeye ako nayo. Mimi nilijua, na bado sikumuuliza anameza dawa gani." Akaagiza gari litayarishwe.

Wodini aliingia na fimbo yake, sari yake nyeupe ikiburura sakafuni, wagonjwa wote wakimtazama. Akakaa ukingoni mwa kitanda, akaushika mkono wa Kukhu.

"Mama, mimi ndiyo nilikupa hiyo kitu. Nilisikia kikohozi peke yake. Wewe mwenyewe sikukusikia."

Nilidhani Kukhu atageukia ukutani. Alikuwa na haki. Akamtazama Ba machozi yakimlengalenga, akasema, "Na mimi nilipoulizwa nakunywa nini, nilisema chai tu." Wakakaa vile, mikono imeshikana, mpaka muuguzi alipokuja kutufukuza.

Tulipotoka, Ba alinigeukia mlangoni. Sauti yake ilikuwa kali, ya mtu anayejikaripia mwenyewe kupitia kwangu. "Wewe utapikia watu wengi. Usijue majani peke yake. Jua nani anakunywa."

Kukhu alipona polepole baada ya kuuacha ule mzizi, akaishi kuwaona wajukuu wake wakienda shule.

Basi, mwanangu, sikuambii uogope majani. Yametulea. Chemsha mizizi, funika majani laini, na usimnyime mtu kikombe cha moto siku ya baridi. Lakini mteja akisimama mbele ya meza yako, kabla hujamsifia chochote, muulize: anameza dawa? Ana mimba? Kikombe hicho ni cha mtoto mdogo? Usilolijua, sema hujui, mwambie alipeleke jani lenyewe kwa daktari au mfamasia alione. Utawapoteza wateja wachache wasiopenda maswali. Waache waende. Na wewe mwenyewe ukiulizwa hospitalini unatumia nini, usiseme chai tu.

Mungu aibariki mikono yako na meza yako. Akupe masikio ya kusikia wanachokuficha watu kwa aibu, na kila atakayekunywa kwako aamke kesho akiwa mzima.