Mwenye Shamba wa Siku Hiyo

Siku hizo nilitembea kama mtu aliye ndani ya ukungu, na siusemi ule unaoshuka kutoka mlimani. Bodi ya kiwanda chetu cha chai, huku Meru, ilikuwa imempa msaidizi wangu umeneja mkuu, kiti nilichokikaimu hadi nikasahau kwamba nakaimu tu. Mwanamke niliyemfundisha kazi mwenyewe tangu atoke chuoni! Nilikuwa na mawili: nibaki chini yake, au niondoke. Iliniuma, na sitajifanya haikuniuma. Ili kunipoza, bodi ikanipeleka Embu kwa mafunzo ya viongozi wakuu.

Mkufunzi alikuwa na suti ya kubana na maneno mengi. Akatuuliza kila mmoja wetu ni kiongozi wa aina gani: wa kuamuru, wa kushauriana, au wa kuhudumia. Mkurugenzi mmoja akajibu bila haya kwamba yeye ni zote tatu, tukacheka. Nje mvua nyepesi ilikuwa inanyesha juu ya migomba. Niliitazama, sauti ya mkufunzi ikaenda mbali, mbali kabisa, na nikamwona mama.

Mama alikuwa katika kikundi cha wanawake waliolimiana kwa zamu, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Mwenye shamba wa siku hiyo ndiye aliyekuwa bosi. Yeye ndiye aliyesema mistari ipite wapi na uji unywewe saa ngapi, na aliyeamuru jana aliinama na jembe pamoja na wengine. Kila asubuhi walisimama ukingoni, umande ukiwalowesha miguu, wakauliza kwa pamoja: "Mwenye shamba, tuanzie wapi?"

Kuna siku ilikuwa zamu ya msichana aliyeolewa juzijuzi. Akaamuru mistari ya mahindi ifuate mteremko, kutoka juu hadi chini. Mama akamwambia mara moja tu, kwa upole, "Mwanangu, mvua itabeba mchanga wote." Msichana akakataa. "Sawa, shamba ni lako," mama akasema. Akalima mistari ile hadi mwisho, na katika nyimbo za kulima hakuna aliyeimba kwa sauti kumshinda. Mimi nilikuwa nimewapelekea uji, na nilimwonea aibu. Nilidhani ameshindwa.

"Na wewe, madam?" mkufunzi akaniuliza. "Uko kwa kundi gani?"

"Mimi bado nalima," nikajibu. Akaandika kitu ubaoni, sijui nini.

Jumatatu iliyofuata niliingia kwenye kikao cha kila Jumatatu asubuhi kiwandani. Kikao hicho nilikianzisha mimi, na nilikipenda kuliko kitu chochote pale kazini. Meneja mpya alikuwa amesimama kando ya kiti cha mbele, ameshika kikombe, hataki kukaa. Wenzetu wote walikuwa wanatutazama.

"Madam, si ukae tu pale kwako," akaniambia. "Mimi niko sawa hapa kwa side."

Harufu ya majani mabichi ya chai iliingia dirishani, na kwa muda sikujua kama niko kiwandani au ukingoni mwa lile shamba. Nilivuta kiti kilichokuwa karibu na mlango, nikaketi.

"Mwenye shamba," nikamwambia, "tuanzie wapi?"

Akakaa. Akanywa chai kidogo, akakohoa. "Basi, kwanza tutoe hii meeting ya Monday. Watu wanakaa hapa na wakulima wako kwa line huko nje."

Kikao changu! Nikamwambia mara moja tu, kwa upole, kwamba bila kikao hiki zamu ya usiku na ya mchana hazitapata pa kuongea. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akatikisa kichwa kukataa.

"Sawa," nikasema. "Shamba ni lako."

Tukatoka kwenda kwa wakulima. Kabla hatujafika kwenye mizani ya kupimia majani, nikajisikia ninaimba.