Kadi ya Sauti ya Nsikak

Wanamuziki wa mji wetu wa Uyo wana maringo, lakini wote walikuwa wakiinama kuingia chumba cha uani kwangu. Kwanza, marehemu mume wangu alijenga milango mifupi kama alivyokuwa mwenyewe. Pili, mle ndani ndimo ilimokuwa kadi ya Nsikak. Walikuja waimba injili, wapiga gitaa wa mahotelini, na vijana wa kufokafoka wenye suruali za kuanguka. Nikiwauliza mbona wanaziacha studio za mjini zenye viyoyozi wanakuja kunikanyagia mboga zangu, jibu lilikuwa lilelile: "Mama Arit, ni ile kadi."

Nsikak Udoh alikuwa mpangaji wangu wa miaka mingi. Mrefu, mpole, mbishi wa kimyakimya. Aliwahi kupiga kinanda kanisani mpaka alipogombana na mchungaji kwa sababu ya spika. Kadi yenyewe ilikuwa kisanduku cha chuma, kidogo kuliko Biblia yangu, chenye taa za kijani mbele. Kila mteja mpya alipewa hotuba kuhusu kisanduku hicho, na kwa kuwa ukuta wetu ni mwembamba, hotuba ile nimeisikia kuliko mahubiri.

"Kadi nyingine zinapitisha sauti tu," alikuwa akisema. "Kazi yote inabebeshwa kompyuta, na kompyuta yenyewe ndiyo hii kuukuu yangu. Utaimba leo ujisikie kesho. Hii kadi ina ubongo wake. Sauti inapambwa humuhumu ndani na kukurudia masikioni papo hapo, tamu, umeshanogewa. Kompyuta inabaki kuihifadhi sauti kama ilivyotoka mdomoni, basi."

"Na hilo jenereta, prodyuza?" mteja aliuliza, maana lilikuwa likinguruma nje ya dirisha kutwa nzima, na umeme wetu kila mtu anaujua.

Hapo ndipo Nsikak alipotabasamu. "Humu ndani kuna geti. Ukiimba, linafunguka. Ukinyamaza, au ukinong'ona tu, linajifunga. Jenereta, kuku, Mama Arit na mdomo wake, wote wanabaki nje."

"Nimekusikia, mshenzi wewe!" nilimpigia kelele kutoka jikoni. "Ipo siku utabaki nje wewe na vyombo vyako!"

"Umeona?" alimwambia mteja. "Sasa vaa hivi vipokea sauti uniambie kama bado unamsikia."

Mteja alivaa, akaimba mstari mmoja, akatoka amelegea. Ndivyo walivyokuwa wakinaswa. Watu wanaoishi vyumba vya kupanga, ukuta kwa ukuta na watoto wanaolia na mashine za kusaga, wangepata wapi kimya? Nsikak aliwapa. Mimi nilikuwa namcheka, lakini nilijivunia kuwa naye uani kwangu.

Mkewe aliitwa Idongesit. Asubuhi alikaanga akara, zile bajia za kunde, kwenye kibaraza changu, jioni aliwaimbia kiitikio wateja wa mumewe. Alikuwa na ugonjwa wa selimundu tangu utotoni. Macho yake yalikuwa ya manjano kidogo, na kulikuwa na wiki za kulala tu, viungo vikimuuma asitake hata shuka limguse. Nsikak alimkanda kwa maji ya moto, alimbeba kwenda msalani, alimlisha. Nasema haya mapema kwa sababu baadaye nilimtukana sana mwanaume huyu, na sitaki mtu afikiri hakumpenda mkewe. Alimpenda. Nilikuwa naona.

Siku ile kulikuwa na wimbo wa mkutano mkubwa wa kanisa. Mwenye wimbo, Kaka Aniekan, alikaa kwenye benchi langu akitikisa mguu, maana kesho yake ulitakiwa uchezwe. Idongesit aliingia kwenye kile chumba kidogo walichokigawa kwa mbao na kukipigilia magodoro ukutani, mlango ukafungwa. Humo alikuwa peke yake na maikrofoni. Nsikak alikaa nje ya mbao, mbele ya kompyuta, vipokea sauti masikioni. Akitaka kumwambia mkewe neno, alibonyeza kitufe kwenye kadi na kusema. Hawakuwa wakionana. Mimi nilikuwa uani nachambua majani ya afang ya mchuzi na kugombana na mbuzi wa jirani.

Walichukua muda mrefu. Idongesit alipotoka, uso ulikuwa umemshuka. Nsikak alisimama, mikono hewani kwa furaha. "Ido! Leo umeimba kama malaika!" Mkewe akampita kana kwamba amepita kiti. Akaingia jikoni kwangu, akakaa chini sakafuni, mgongo ukutani, nami nikamfuata.

"Unaumwa?" nikamuuliza.

"Kifua."

"Ngoja nimwite mumeo."

"Usimwite," akasema. "Nilimwomba kitu kidogo tu, Mama. Kidogo. Akaninyima."

Sikuuliza kitu gani. Nilidhani ni mambo ya chumbani, na mtu mzima haulizi.

Kufikia jioni alikuwa hawezi kuvuta pumzi. Tulimpeleka hospitali, mimi nikimshika upande mmoja na Nsikak upande mwingine, na kila Nsikak alipomgusa aliuondoa mkono wake. Alilazwa. Nsikak alipoinama kumsemesha, aligeukia ukutani. Mimi ndiye niliyeshikwa mkono mpaka mwisho. Alifariki asubuhi, kabla chai ya wagonjwa haijapita, na hakumwambia mumewe hata neno moja.

Niliona uchungu, na uchungu wangu hukimbilia mdomoni. Mama yake Idongesit alipofika kutoka kijijini na kuniuliza mwanawe alisema nini mwishoni, nilimwambia: alimwomba mumewe kitu akanyimwa. Basi kazikwa na maneno hayo. Pale makaburini, mbele ya ukoo wote, mama mtu akamkabili Nsikak.

"Mwanangu alikuomba nini ukamnyima?"

"Hakuniomba kitu, mama."

"Mama Arit anasema uongo?"

"Sijui. Mimi hakuniomba kitu. Naapa."

"Mtu anakufa amekupa mgongo, na wewe unasema hukufanya kitu?"

Wajomba walimnyang'anya koleo, hakuruhusiwa kutupa hata konzi moja ya udongo. Mtaani wakamalizia yaliyobaki: ana mwanamke mjini Ikot Ekpene, hapana, mwanamke yuko kwaya, hapana, alimnyima dawa. Mimi niliacha kumsalimia. Nilikuwa nikimwaga maji machafu mbele ya mlango wake mchana kweupe.

Alikonda. Kazi aliendelea nayo, maana ndiyo aliyoijua, lakini hotuba ya kadi iliisha. Mteja akiuliza, alijibu, "Ni nzuri," basi. Kila aliponikuta peke yangu aliuliza swali lilelile.

"Mama, jaribu kukumbuka. Alisema kitu gani?"

"Kidogo. Alisema kidogo."

"Lakini hakuniomba, Mama. Tangu asubuhi hakuniomba kitu. Ningempa chochote, unajua. Nilimkosea nini?"

"Usiniapie mimi. Kamwapie aliye chini."

Nilikuwa na roho mbaya siku zile, na niliona nina haki nayo. Mvua zilipoanza niliamua kumtoa kabisa. Nilikwenda mchana, kanga kiunoni, nimejiandaa kwa ugomvi. Nikamkuta ameketi mbele ya kadi yake, imekufa. Umeme ulikatika wakati wa radi, ukarudi na nguvu za kichaa, ukaichoma. Taa za kijani hazikuwaka tena, na chumba kilinuka plastiki.

"Nataka chumba changu, Nsikak."

"Sawa, Mama," akasema, hata hakubisha. "Nisubiri kidogo tu. Kaka Aniekan anautaka tena ule wimbo, nataka kuona kama umepona."

Akachomeka spika moja kwa moja kwenye kompyuta. Nikasimama mlangoni, mikono kifuani. Alinieleza, kwa mazoea tu nadhani, kwamba utasikika vibaya: mapambo yote yalifanywa na kadi, geti nalo lilikuwa la kadi, na kompyuta ilikuwa na sauti ghafi peke yake, ambayo hata yeye hakuwahi kuisikiliza. Hakuwahi kuwa na sababu.

Akabonyeza.

Kwanza lilinguruma jenereta. Kisha kuku. Kisha, kwa mbali lakini wazi kabisa, sauti yangu mwenyewe: "Mfukuzeni huyo mbuzi! Mwizi wa mboga! Aliyekufuga hakulishi?"

Nsikak akanitazama. Nikajizuia, nikashindwa, nikacheka. Naye akacheka, mara ya kwanza tangu mazishi. "Mama, na mimi nilikuwa nawaambia watu husikiki!"

Ndipo Idongesit akaanza kuimba. Sauti kavu, nyembamba, bila ule utamu wa kadi. Ungesikia jinsi kila mstari ulivyomgharimu. Mstari wa kwanza ukaisha. Pale ambapo kwenye wimbo wa kanisani palikuwa kimya, hapakuwa kimya.

"Nsikak," alisema, kwa sauti ya mtu asiye na pumzi ya kusema kwa nguvu. "Kifua kinanibana. Naomba nipumzike kidogo."

Na mara hiyohiyo, ikivuja kutoka kwenye vipokea sauti alivyovaa masikioni, tukasikia sauti ya Nsikak, ndogo kama mbu: "Hapana, hapana, usikate! Endelea hivyohivyo!"

Akaimba mstari wa pili. Akahema. "Nakuomba. Sijisikii vizuri. Unanisikia?"

"Inasikika vizuri mno, Ido! Nenda kwenye kiitikio."

Jenereta likanguruma. Kisha yeye, polepole: "Haya."

Akaimba kiitikio chote, mpaka mwisho.

Nsikak alirudisha nyuma, akasikiliza tena. Akarudisha tena. Nilimshika mkono ili aache.

"Aliniomba," akasema.

"Hukumsikia, mwanangu. Geti lilikuwa limefungwa. Si wewe uliyenieleza?"

"Mimi najua kwamba sikusikia. Yeye alijua?"

Nikakaa sakafuni kando ya kiti chake.

"Aliomba, akasikia najibu hapana. Mara mbili, Mama. Kwa sauti yangu mwenyewe, ndani ya masikio yake. Amekufa anajua kwamba nilimsikia."

Nilimwambia aufute. Akanitazama kana kwamba nimesema tumfukue. Basi nikamwambia twende kwa mama mkwe wake ili angalau lile la wanawake liishe. Nilifikiri namsaidia. Pia, nikiri, nilitaka kufuta maneno niliyoyapeleka makaburini.

Nsikak aliutia wimbo kwenye simu, tukaenda kijijini, tukamkuta mama yake Idongesit akimenya muhogo. Alimsikiliza binti yake akiimba, kisu mkononi, na wimbo ulipofika pale pa kuomba alifumba macho. Nsikak alijaribu kumweleza habari za geti, kwamba sauti ndogo haifungui, kwamba yeye nje alisikia kimya tu, akadhani anataka kukatisha wimbo. Aliongea vibaya, akirudiarudia. Mama alisubiri amalize.

"Kwa hiyo alikuomba," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Na pale makaburini ulisema hakukuomba."

"Sikujua, mama."

"Alikuomba," mama akasema tena, akachukua muhogo mwingine. Hakutuaga.

Sikumtoa chumbani. Ningemtoaje? Wanamuziki, pamoja na maringo yao, walichangishana wakamletea kadi nyingine ya aina ileile, maana walikuwa wameshamzoea. Aliipokea kwa shukrani, akaiunganisha, akawasha kila kitu isipokuwa geti. Wakalalamika. Nyimbo zikaanza kutoka na jenereta, na kuku, na mimi. "Prodyuza, funga hilo geti bwana, hii ni injili au ni soko?" Alikataa. Vijana wa kufokafoka ndio waliotangulia kuhama, kisha wapiga gitaa. Wamebaki wachache wenye subira, wengi wao wazee wa kwaya.

Jenereta nimelihamisha mwenyewe hadi nyuma ya choo, na mbuzi nimegombana na jirani mpaka amemuuza. Siku Nsikak anaporekodi nafanya kazi zangu kimya, hata sufuria naiweka chini taratibu. Kupitia ukutani namsikia mwimbaji akimaliza mstari na kuvuta pumzi, tu, kama mtu yeyote anavyovuta, na muziki unasimamishwa.

"Umesema kitu?"

"Hapana, kaka. Tuendelee."

Wanaanza tena. Mstari mmoja, pumzi, na muziki unasimama.

"Samahani. Umesema kitu?"